Saratani ya tezi dume na mifupa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya picha

Maswali haya huulizwa tena na tena na wagonjwa, ndugu wanaowasindikiza, na wahudumu wa vituo vya afya wanaoandika rufaa. Yameanza na mambo ya msingi, na yale yenye utata yamewekwa mwishoni. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini saratani ya tezi dume huenda kwenye mifupa, na ni mifupa ipi?

Vena zinazoizunguka tezi dume zimeungana na mtandao wa vena unaopanda kandokando ya mgongo, mtandao ambao Oscar Batson, mwanaanatomia wa Marekani, aliueleza mwaka 1940. Vena hizo hazina vali, kwa hiyo mtu anapokohoa au kujikamua, damu inaweza kurudi nyuma kutoka kwenye nyonga kuelekea kwenye pingili za mgongo ikiwa imebeba seli za saratani. Seli zikifika huko hukuta uboho mwekundu, ambao ni mazingira mazuri kwao. Ndiyo maana pingili za mgongo, nyonga, mbavu na sehemu ya juu ya mfupa wa paja huathirika mapema, ilhali mifupa iliyo chini ya goti na kiwiko huathirika kwa nadra.

Kuna jambo la pili ambalo ndilo ufunguo wa majibu mengi yanayofuata. Saratani nyingi zinapofika kwenye mfupa huubomoa. Ya tezi dume kwa kawaida huchochea seli zinazojenga mfupa, nazo hujenga ovyo, hata mfupa ukawa mzito na mweupe kwenye picha ingawa hauna uimara wa mfupa wenye afya. Hivyo basi vipimo vya picha vimegawanyika katika makundi mawili: vile vinavyoiona saratani yenyewe na vile vinavyoona namna mfupa unavyoijibu saratani. Anayesahau tofauti hiyo huisoma ripoti vibaya.

2. Je, kila mwanamume aliyegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume anahitaji picha ya mifupa?

Hapana. Mwenye saratani ya hatari ndogo, yaani PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) iliyo chini ya nanogramu 10 kwa mililita, alama ya Gleason (kiwango cha ukali wa saratani kinachosomwa kwenye kinyama kilichokatwa kwenye tezi) isiyozidi 6, na uvimbe mdogo uliobaki ndani ya tezi, hana sababu ya kupimwa mifupa, kwa kuwa uwezekano wa kukuta kitu ni mdogo kuliko uwezekano wa kukuta doa lisilo na maana litakalomtia hofu na kumwingiza katika vipimo visivyo vya lazima.

Wanaohitaji ni wale ambao PSA yao imezidi 20, au alama ya Gleason ni 8 hadi 10, au uvimbe umetoka nje ya tezi. Miongozo ya Ulaya huwaongeza wenye Gleason 7 ya aina ya 4+3. Na bila kujali namba hizo, mwanamume yeyote mwenye saratani hii anayelalamika maumivu mapya ya mgongo au nyonga yanayomwamsha usiku apigwe picha.

3. Kama PSA ni ndogo, si inatosha kusema mifupa ni salama?

Kwa sehemu kubwa inatosha, lakini si kwa kila mtu. Utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa mwaka 1991 uliwachunguza wanaume ambao hawakuwa wamepata matibabu, na miongoni mwa 306 waliokuwa na PSA isiyozidi 20, ni mmoja tu aliyekutwa na saratani kwenye skani ya mifupa. Matokeo hayo yaliwaokoa wanaume wengi na vipimo visivyo na faida.

Angalizo ni hili: saratani kali sana, zenye Gleason 9 au 10, wakati mwingine hutoa PSA kidogo kwa sababu seli zake zimepoteza tabia za tezi zilikotoka. PSA isomwe pamoja na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi.

## Vipimo, kimoja baada ya kingine

4. Skani ya mifupa hufanywaje, na inaonyesha nini hasa?

Mgonjwa huchomwa kwenye mshipa dawa ya jamii ya fosfonati iliyofungamanishwa na teknesiamu-99m, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Dawa hiyo hujishika pale ambapo mfupa mpya unajengwa. Mgonjwa husubiri kati ya saa 2 na 4 huku akinywa maji na kukojoa mara kwa mara ili dawa iliyobaki kwenye damu itoke, kisha hulala chini ya kamera ya gama inayopiga picha ya mwili mzima kutoka kichwani hadi miguuni.

Kwa hiyo skani ya mifupa haioni saratani. Inaona ujenzi wa mfupa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake na pia udhaifu wake. Mwili mzima hukaguliwa kwa mara moja, kwa gharama ambayo ni ndogo ukilinganisha na PET (kipimo kingine cha nyuklia, tazama swali la 9), na doa huweza kuonekana miezi kadhaa kabla ya eksirei kuonyesha chochote. Lakini baridi yabisi ya magoti na mgongo, mbavu iliyovunjika kwa kuanguka bafuni, maambukizi ya mfupa na ugonjwa wa Paget, unaovuruga ujenzi wa mfupa, vyote hujenga mfupa, na vyote hutoa doa. Kwa upande mwingine, saratani iliyo ndani ya uboho ambayo bado haijauchokoza mfupa haitaonekana kabisa.

5. Ripoti ya skani ya baba inasema kuna madoa mawili mgongoni. Je, ni saratani?

Huenda ikawa, huenda isiwe. Mwanamume wa miaka 70 asiye na uchakavu wowote mgongoni ni nadra kupatikana, na uchakavu huo hutoa madoa. Msomaji mzuri wa skani hutazama mahali doa lilipo: likiwa kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili au kwenye kingo za pingili mbili zinazokabiliana, uchakavu hushukiwa kwanza, likiwa kwenye mwili wa pingili na kuenea hadi kwenye kikonyo chake (kipande kinachouunganisha mwili huo na sehemu ya nyuma ya pingili), saratani hushukiwa zaidi. Madoa mengi yaliyotapakaa bila mpangilio mgongoni, mbavuni na nyongani huacha shaka ndogo. Madoa yaliyojipanga kwenye mbavu tatu au nne mfululizo, kwa mstari ulionyooka, karibu kila mara ni mivunjiko.

Pale mashaka yanapobaki, hatua ya kwanza ni kamera ile ile kuzunguka sehemu husika na kutoa picha za vipande zikiunganishwa na CT (picha za vipande za eksirei zinazotengenezwa na kompyuta), kipimo kinachoitwa SPECT-CT. Kama hospitali haina mashine hiyo, CT au MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) ya eneo lile hufanya kazi hiyo. Tahadhari kubwa ni kwamba mtu asiwekwe katika kundi la wenye saratani iliyosambaa, akaanzishiwa matibabu ya maisha, kwa sababu ya madoa mawili ambayo hayakuthibitishwa.

6. Je, eksirei ya kawaida bado ina kazi?

Haifai kwa kutafuta saratani. Mfupa unaobomolewa hauonyeshi kasoro kwenye eksirei mpaka umepoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake. Hata hivyo ina kazi mbili: kuangalia kama paja au mkono wenye maumivu umevunjika au unakaribia kuvunjika, na kufafanua doa la skani pale ambapo hakuna kipimo kingine.

7. CT inaongeza nini?

CT huonyesha umbo na uzito wa mfupa kwa undani, pamoja na tezi za limfu, ini na mapafu, mambo ambayo skani ya mifupa haiwezi kuyaonyesha. Kwa miaka mingi CT ya kifua, tumbo na nyonga pamoja na skani ya mifupa ndiyo imekuwa jozi ya kawaida, na kila mara ripoti inaposema "vipimo vya kawaida" inazungumzia jozi hiyo.

Udhaifu wake kwenye mifupa ni wa aina mbili. Haioni saratani ya uboho ambayo haijabadilisha mfupa. Pia, mfupa uliogeuka mweupe hubaki mweupe hata saratani ikiwa imekufa, hivyo CT peke yake si mwamuzi mzuri wa kama dawa inafanya kazi. Kuna pia visiwa vya mfupa, vipande vidogo vyeupe sana ambavyo mtu huzaliwa navyo au hukua navyo bila madhara. Mtaalamu wa radiolojia huvitambua kwa weupe wake uliokolea na kingo zake zinazojisokota kuingia kwenye mfupa wa jirani, na kwa kuvilinganisha na picha za zamani. Picha za zamani zisitupwe. CD iliyopigwa miaka mitano iliyopita kwa ajili ya mawe ya figo inaweza kumaliza ubishi ambao vipimo vitatu vipya havingeumaliza.

8. MRI huona nini ambacho skani ya mifupa haioni?

MRI huona uboho. Uboho wa mtu mzima una mafuta mengi, na seli za saratani zinapoyasukuma mafuta hayo na kukaa mahali pake, ishara ya picha hubadilika hata kabla mfupa haujaguswa. Zikiongezwa picha zinazopima namna maji yanavyosogea kati ya seli, saratani iliyosongamana hujitokeza wazi zaidi. Hakuna mionzi inayotumika.

MRI ya mwili mzima huchukua muda mrefu kwenye mashine, inahitaji msomaji aliyezoea, na tangu mwaka 2017 ina mwongozo wake wa kimataifa wa namna ya kuipiga na kuiripoti kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, uitwao MET-RADS-P. Katika Afrika Mashariki mashine za MRI zimeongezeka, lakini mara nyingi foleni yake imejaa wagonjwa wa kichwa na mgongo, na si rahisi kuipata kwa ajili ya mwili mzima. Njia ya katikati ni kupiga uti wa mgongo wote pamoja na nyonga, ambako saratani hii hukaa kwa wagonjwa walio wengi.

Jambo dogo linalosahaulika: mgonjwa ambaye tayari amepigwa MRI ya tezi dume ana picha ya sehemu kubwa ya nyonga. Ni vyema kumwomba mtaalamu aitazame mifupa iliyomo humo kabla ya kuagiza kipimo kingine.

9. PET ya PSMA ni kipimo gani, na kwa nini kinazungumzwa sana?

PSMA ni protini iliyoko juu ya seli za tezi dume, na huongezeka sana seli hizo zinapogeuka saratani. Wanasayansi wametengeneza molekuli ndogo inayojishika kwenye protini hiyo, wakaifunga na galiamu-68 au florini-18, ambazo mionzi yake huonekana kwenye mashine ya PET. Toleo la galiamu lililoenea zaidi, PSMA-11, lilitengenezwa Heidelberg, Ujerumani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike katika vyuo vikuu viwili vya California mnamo Desemba 2020, na dawa nyingine ya PSMA yenye florini-18 ikafuata Mei 2021.

Tofauti yake na skani ya mifupa ni ile iliyotajwa katika swali la 1: PET ya PSMA huiona seli ya saratani, iwe kwenye mfupa, kwenye tezi ya limfu yenye ukubwa wa milimita chache, au kwenye ini. Haingoji mfupa ujibu.

10. Na aina nyingine za PET, kama ile ya sukari?

PET ya sukari, yaani FDG, ambayo ndiyo ya kawaida kwa saratani za mapafu na limfu, haifai kwa saratani nyingi za tezi dume kwa sababu hutumia sukari kidogo. Hupata kazi kwa saratani kali zilizopoteza PSMA. Tazama swali la 19.

PET ya kolini ilitangulia PSMA na ilikuwa msaada mkubwa kwa wakati wake, lakini PSMA imeipita hasa pale PSA inapokuwa ndogo. PET ya floridi ya sodiamu ni kama skani ya mifupa iliyonolewa: inaona ujenzi wa mfupa kwa undani mkubwa, na kwa sababu hiyo hiyo inaona pia kila kiungo kilichochakaa.

## Kulinganisha

11. Kwa takwimu, kipi ni bora?

Uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha skani ya mifupa, MRI na PET ya kolini kwa kila mgonjwa. Kati ya wagonjwa 100 wenye saratani kwenye mifupa, MRI iliwagundua takriban 97, PET ya kolini 91, na skani ya mifupa 79. Kati ya watu 100 wasio nayo, PET ya kolini iliwaachia huru 99, MRI 95, na skani ya mifupa 82. Kwa maneno mengine, skani ya mifupa ilimkosa mgonjwa mmoja kati ya watano, na ikamtuhumu bure karibu mmoja kati ya sita wasio na ugonjwa.

PSMA ilipimwa kwa namna iliyo imara zaidi katika utafiti wa proPSMA wa Australia, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020. Wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika vituo 10: wengine walianza na PET-CT ya PSMA, wengine na jozi ya CT na skani ya mifupa. Usahihi wa jumla ulikuwa asilimia 92 kwa PSMA na 65 kwa jozi. Majibu yasiyoeleweka, yale yanayomwacha mgonjwa akisubiri kipimo kingine, yalikuwa asilimia 7 dhidi ya 23. Tukumbuke kwamba namba hizo zinajumlisha tezi za limfu za nyonga na usambaaji wa mbali kwa pamoja, na sehemu kubwa ya udhaifu wa jozi ilitokana na tezi za limfu. Anayezinukuu kana kwamba ni za mifupa peke yake anazipotosha.

12. Kama PSMA inaona zaidi, kwa nini daktari bado anaandika skani ya mifupa?

Sababu ya kwanza ni upatikanaji na gharama, ambayo imeelezwa katika swali la 14. Sababu ya pili haizungumzwi vya kutosha. Tafiti zilizotufundisha namna ya kutibu saratani iliyosambaa zilijengwa juu ya vipimo vya kawaida. Utafiti wa CHAARTED, uliochapishwa mwaka 2015, uliita ugonjwa mzito ule wenye madoa manne au zaidi ya mifupa, angalau moja likiwa nje ya pingili na nyonga, au ule uliofika kwenye viungo vya ndani kama ini. Na madoa hayo yalihesabiwa kwenye vipimo vya kawaida. Utafiti wa STAMPEDE ulionyesha mwaka 2018 kwamba wenye ugonjwa mwepesi uliosambaa huishi zaidi wakipigwa mionzi kwenye tezi dume yenyewe, na wepesi huo pia ulipimwa kwa CT na skani ya mifupa.

Mtu mwenye madoa mawili kwenye skani anaweza kuwa na saba kwenye PSMA. Ugonjwa wake haujaongezeka. Tumepata macho makali zaidi. Tukimhamishia kundi la ugonjwa mzito na kumnyima mionzi ya tezi, tutakuwa tumetumia kipimo kipya kumnyima faida iliyothibitishwa kwa kipimo cha zamani. Vivyo hivyo, mtu ambaye skani yake ni safi lakini PSMA imeonyesha doa moja dogo asinyimwe matibabu ya kuponya bila mjadala wa jopo la madaktari. Kugundua zaidi si sawa na kuishi zaidi, na kwa maoni ya mwandishi hapa ndipo tahadhari inapohitajika kuliko mahali pengine popote katika ukurasa huu.

13. Mionzi ya vipimo hivi ni mingi kiasi gani?

Skani ya mifupa pekee humpa mtu takriban milisivati 4 (milisivati ni kizio cha kupima mionzi inayoingia mwilini). Kwa kulinganisha, mazingira ya kawaida duniani humpa kila mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Katika proPSMA, PET-CT ya PSMA ilitoa milisivati 8.4 na jozi ya CT na skani ikatoa 19.2. MRI haitoi mionzi ya aina hii. Kwa mwanamume mwenye saratani ya hatari kubwa, kiasi hiki kisiwe sababu ya kukataa kipimo kinachohitajika.

Siku ya kipimo cha nyuklia, mgonjwa anashauriwa asikae muda mrefu amempakata mtoto mchanga au karibu sana na mjamzito, na anywe maji mengi.

14. Kwa Afrika Mashariki, vipimo hivi vinapatikana wapi?

Skani ya mifupa hufanyika katika vitengo vya tiba ya nyuklia, ikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Nchini Kenya, PET-CT pamoja na saiklotroni, mtambo unaotengeneza florini-18, zipo Nairobi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mgonjwa anayesafiri kwenda kupimwa anapaswa kuelewa kwa nini anaweza kufika akaambiwa "dawa haijafika". Teknesiamu hutoka kwenye jenereta (si ya umeme, bali chombo kinachozalisha madini hayo ya mionzi hospitalini) yenye molibdenamu-99, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 66, yaani hupoteza zaidi ya moja ya tano kila siku. Molibdenamu hiyo hutengenezwa katika vinu vichache tu vya nyuklia duniani, kimojawapo kikiwa SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini. Kinu kikisimama au ndege ikichelewa, hospitali husimama pia, na mwaka 2009 na 2010 dunia nzima ilipata uhaba wa teknesiamu baada ya vinu vya Kanada na Uholanzi kufungwa kwa matengenezo. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, hivyo haiwezi kusafiri mbali. Galiamu-68 hupungua nusu kila dakika 68, lakini jenereta yake hudumu miezi mingi, jambo linaloiwezesha hospitali isiyo na saiklotroni kutoa PET ya PSMA. Kwa ufupi, piga simu kabla ya kupanda basi, na uulize kama dawa ipo, wala si kama mashine ipo.

15. Tuna fedha za kipimo kimoja tu. Tuchague kipi?

Inategemea swali linaloulizwa. Mzee mwenye PSA ya 300 na maumivu ya mifupa anahitaji kuthibitishiwa kilicho dhahiri na kuanza matibabu haraka; skani ya mifupa, au hata CT peke yake ikiwa ndiyo iliyo karibu, inatosha, na fedha ya PET ingemfaa zaidi kwenye dawa. Mwanamume wa miaka 58 mwenye Gleason 8 anayepanga upasuaji au mionzi ya kuponya ana hoja ya kutafuta PSMA, kwa sababu jibu linaweza kubadilisha mpango mzima. Aliyelegea miguu anahitaji MRI leo. Tazama swali la 20. Aliyetibiwa na PSA ikaanza kupanda, tazama swali la 17.

## Ufuatiliaji na hali zenye utata

16. Nimeanza dawa, PSA imeshuka na maumivu yamepungua, lakini skani ya mwezi wa tatu wa matibabu inaonyesha madoa mapya. Dawa imeshindwa?

Pengine ni kinyume chake. Dawa inapoua saratani, mfupa huanza kujitengeneza, na ujenzi huo hung'aa kwenye skani hata mahali ambapo saratani ilikuwepo bila kuonekana. Hali hii hutokea hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Ndiyo sababu kikundi cha kimataifa kinachopanga kanuni za majaribio ya dawa za saratani hii kiliweka sharti kwamba madoa mawili au zaidi mapya kwenye skani ya kwanza yasihesabiwe kuwa ugonjwa umeendelea mpaka skani inayofuata ionyeshe mengine mawili zaidi ya hayo. Kubadilisha dawa inayofanya kazi kwa sababu ya skani moja ni kosa linaloumiza, kwa kuwa dawa zenyewe si nyingi. PSMA nayo ina mtego wake: dawa za kuzima homoni zinaweza kuongeza mng'ao kwa muda mfupi na kuupunguza zikitumika kwa muda mrefu.

17. Baba alitolewa tezi dume, PSA imeanza kupanda, skani ya mifupa ni safi. Tufanye nini?

Skani iliyo safi katika hali hii haishangazi. PSA ikiwa chini ya 7 baada ya matibabu, uwezekano wa skani ya mifupa kuonyesha kitu ni chini ya asilimia 5. PSMA hufanya vizuri zaidi: katika utafiti wa Marekani wa wanaume 635 uliochapishwa mwaka 2019, ilionyesha mahali saratani ilipo kwa asilimia 38 ya wenye PSA chini ya 0.5, asilimia 84 ya wenye PSA kati ya 1 na 2, na asilimia 97 ya wenye 5 au zaidi. Lakini kungoja PSA ipande ili picha ionekane vizuri kunaweza kupoteza nafasi ya kupiga mionzi mahali tezi ilipokuwa, tiba inayofanya kazi vyema zaidi PSA ikiwa bado ndogo. Kukosa PET kusiwe sababu ya kuichelewesha.

18. PSMA imeonyesha doa moja hafifu kwenye ubavu. Je, saratani imesambaa?

Mara nyingi hapana. Mivunjiko ya zamani, ugonjwa wa Paget na vivimbe vya mishipa ya damu visivyo saratani hushika PSMA pia. Dawa iitwayo PSMA-1007, ambayo ina faida ya kutolewa kwa njia ya ini na hivyo kutofunika nyonga kwa mkojo, inajulikana kwa kutoa madoa hafifu ya mbavu na nyonga yasiyo na maana. Ni vyema kuuliza ni dawa gani iliyotumika, kuitazama CT ya mahali pale, na, kama PSA na Gleason haviashirii hatari, kurudia picha baada ya miezi michache.

Pale ambapo doa moja ndilo litakaloamua kati ya kuponya na kutoponya, mfupa ukatwe kipande na kupimwa maabara. Mfupa uliogeuka mgumu haukatiki kirahisi na majibu huweza kutoka matupu. Jibu tupu halimaanishi kwamba saratani haipo.

19. Je, kuna hali ambapo picha huonekana safi ilhali ugonjwa ni mkubwa?

Zipo mbili. Ya kwanza ni skani ya mifupa ambayo mifupa yote imeshika dawa sawasawa, hivyo hakuna doa linalojitenga na jirani yake. Dokezo liko kwenye figo: dawa yote imenyonywa na mifupa, na figo hazionekani au huonekana kwa shida. Ripoti ikisema figo hazikuonekana, haizungumzii ugonjwa wa figo.

Ya pili ni saratani isiyo na PSMA, inayopatikana kwa sehemu ndogo ya wagonjwa, hasa waliotibiwa kwa muda mrefu na wale ambao saratani yao imegeuka kuwa ya aina ya seli za neva. Mgonjwa huzidi kudhoofika, PSA haipandi, na PSMA ni safi. Hapo PET ya sukari na CT huonyesha kilichofichika. Jambo hili lina uzito kwa anayefikiriwa kupewa lutesiamu-177 ya PSMA, tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, kwa kuwa dawa hiyo huingia tu kwenye saratani inayoonekana kwenye PET ya PSMA.

20. Mgonjwa mwenye saratani ya mifupa ameanza kulegea miguu. Aanze na kipimo kipi?

MRI ya uti wa mgongo wote, siku hiyo hiyo au ndani ya saa 24. Kulegea miguu, ganzi sehemu za makalio, kushindwa kukojoa au kuzuia choo, na maumivu ya mgongo yanayomzunguka mtu kama mkanda ni dalili kwamba pingili iliyoathirika inaubana uti wa mgongo, yaani neva kuu inayopita ndani ya pingili. Uti wote upigwe picha kwa sababu mahali panapobanwa panaweza kuwa zaidi ya mahali pamoja, na maumivu hayaonyeshi sawasawa palipo tatizo. Skani ya mifupa na PET hazifai hapa: hazionyeshi uti wenyewe, na zinachukua siku ambazo mgonjwa hana.

Kama hakuna MRI karibu, daktari humwanzishia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, mara dalili zinapoleta shaka kubwa, humlaza akiwa amenyooka, na hupanga usafiri kuelekea hospitali yenye MRI pamoja na mionzi au upasuaji wa mgongo. Anayefikishwa kwenye matibabu akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa hurejea kwa nadra. Ndugu wanaomuuguza nyumbani waambiwe dalili hizi siku ile ile ripoti ya mifupa inaposomwa.